Kanisa na Mtu Asiye na Watu

Neno kanisa katika Kiswahili chetu lina maana mbili, nazo zimezoea kukaa pamoja bila kugombana. Maana ya kwanza ni jengo: kuta, bati, kengele na msalaba juu ya paa. Maana ya pili ni watu: wale waliobatizwa wakawa kundi moja. Mtu akisema, "Nakwenda kanisani," hatumwulizi anakwenda kwenye lipi kati ya hayo mawili, kwa sababu twadhani kwamba aliyefika kwenye jengo amekwisha fika kwa watu. Katika makala haya twataka kuuliza kama dhana hiyo ni ya kweli. Na tukiona kwamba si ya kweli siku zote, hatuna budi kuuliza swali lililo gumu zaidi, yaani, Kanisa lipo kwa ajili gani katika nchi yetu leo?

Huenda msomaji akashangaa kulikuta swali hili katika kitabu cha utamaduni wa taifa. Serikali yetu haina dini, na ni vema iendelee kuwa hivyo. Tangu sensa ya mwaka 1967 wananchi hawajaulizwa tena dini zao wakati wa kuhesabiwa, na sisi tuliowahi kubeba madodoso ya sensa kutoka nyumba hata nyumba twajua jinsi kutouliza huko kulivyotuepusha na mengi. Walakini utamaduni si ngoma na mavazi tu. Namna watu wanavyopeana majina, wanavyooana, wanavyouguzana na wanavyozikana ni utamaduni wao pia, tena ni ule wa ndani ambao mgeni hauoni kwa siku moja. Kwa mamilioni ya Watanzania mambo hayo hupitia mlango wa kanisa, kama kwa mamilioni wengine yanavyopitia mlango wa msikiti. Basi swali hili si la mapadre na wachungaji peke yao. Ni la mwalimu darasani na la kijana wa sekondari ambaye kesho atakuwa kiongozi wa jumuiya, au atakuwa mgeni katika mji usiomjua.

Jambo lililotushikisha kalamu ni msiba. Katika mji mmoja wa wilaya tulikokuwa tukifanya kazi alikufa mama mmoja mzee aliyekuwa akiuza vitumbua kando ya barabara, karibu na ofisi zetu. Watumishi wengi tulikuwa wateja wake wa asubuhi, tena wengine wateja wa mkopo. Alikuwa mtu wa mkoa wa mbali. Alikuja na mumewe miaka mingi nyuma. Mume alifariki, watoto hawakujaliwa, naye akabaki katika chumba cha kupanga. Majirani walipovunja mlango walimkuta na rozari shingoni. Walipopeleka habari parokiani wakaambiwa waanzie kwa viongozi wa jumuiya, kwa kuwa ndio utaratibu. Viongozi wakafungua daftari. Jina la mama halikuwamo. Alipohama kutoka mtaa wake wa kwanza hakujiandikisha upya. Kadi yake ya zaka ilikuwa na nafasi tupu za miaka mitano. Na katika sala za jumuiya hakuonekana kamwe. Sala hizo husaliwa alfajiri ya Jumamosi, na saa hiyo yeye alikuwa mbele ya kikaango. Mwenyekiti akalifunga daftari, akasema: "Huyu si wetu."

Maneno hayo matatu yametukalia moyoni mpaka leo.

Mwenyekiti yule hakuwa mtu mbaya, wala hoja yake haikuwa ya kipumbavu. Tulipozungumza naye siku zile alitueleza kwa utulivu. "Ndugu yangu," alisema, "jumuiya yetu ina nyumba kumi na nne, na zote ni za watu maskini. Akifa mtu, ni sisi tunaochanga unga, maharage, sanda na mbao. Wapo watu ambao mwaka mzima hawaendi kumwona mgonjwa wala hawachangii msiba wa mwenzao. Siku wakifiwa wao, wanatutaka sote. Tukimzika kila mtu bila kuuliza, yule anayechanga atajiona mjinga. Na Kanisa litakuwa nini? Litakuwa kampuni ya mazishi." Hatukuwa na jibu la haraka. Sisi ambao tumeishi kwa mshahara wa kutunza majalada hatuwezi kulidharau daftari. Pasipo na daftari, mgawaji humpa yule amjuaye, na asiyejulikana hupata makombo. Tumeyaona hayo katika ugawaji wa viwanja, na tumeyaona katika ugawaji wa mahindi ya njaa. Kwa hiyo hatuandiki kulitukana daftari. Twataka kujua kazi yake.

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba wazee wetu walikwisha kulijua tatizo la maiti asiye na jamaa kabla makanisa hayajajengwa. Katika karne ya 19 misafara ya wapagazi, Wanyamwezi wakiwa wengi kati yao, ilitoka Tabora na Ujiji kuja pwani kwa miguu, safari ya miezi. Watu waliugua na kufa njiani, mbali na koo zao. Ni katika njia hizo utani baina ya makabila ulipostawi. Vijana wa leo wanaujua utani kwa matusi yake ya kuchekesha na kwa vituko vya msibani tu, na wapo wanaouona kuwa ni utovu wa adabu. Hawajaambiwa kwamba mtani amepewa ruhusa ya kucheza kwa sababu amepewa wajibu. Ndiye aliyempokea mgeni asiye na mwenyeji, na mgeni huyo akifa, ndiye aghalabu aliyemwosha na kumchimbia kaburi. Mpagazi aliyefia katika nchi ya watani wake hakuzikwa kama mbwa. Mtani hakuuliza kama marehemu alikuwa amewahi kumsaidia mtu, maana mahali pale hakuna aliyemjua. Alizikwa kwa sababu alikuwa mtu na yuko mbali na kwao, basi.

Na hebu tuwatazame Wakristo wa kwanza wa nchi yetu walikuwa watu gani. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipoanza Bagamoyo mwaka 1868, kijiji walichokianzisha kilikuwa cha watumwa waliokombolewa. Wamisionari wa Kianglikana walipoanza Masasi mwaka 1876 chini ya Askofu Edward Steere, walifika huko na kundi la watu waliotoka utumwani. Soko la watumwa la Unguja lilipofungwa mwaka 1873, Steere aliona vema kanisa kuu la Mkunazini lijengwe pale pale palipouzwa watu. Sasa mtumwa ni nani? Wengi husema ni mtu aliyenyang'anywa uhuru, nao wasema kweli. Lakini kabla ya hapo alinyang'anywa watu. Ametolewa katika ukoo wake, jina la baba yake halijulikani tena, na hata akifunguliwa minyororo hana njia ya kurudi. Mtu wa namna hiyo alipobatizwa, alipata kitu ambacho sisi tuliozaliwa ndani ya koo hatukioni thamani yake: alipata wa kumwita ndugu, alipata wa kusimamia ndoa yake, na alipata wa kumzika. Hatusemi kwamba vijiji vile vilikuwa pepo. Watu walifanya kazi kwa kengele, na uhuru wao ulikuwa na mipaka iliyowekwa na wengine. Lakini kusudi la Kanisa lilionekana wazi pale kuliko lilivyopata kuonekana baadaye. Lilikuwa ni ukoo wa wasio na ukoo.

Bara hali ilikuwa nyingine. Huko injili iliwakuta watu wakiwa na koo zao, majirani zao na rika zao. Mchungaji Bruno Gutmann, Mjerumani aliyefanya kazi kati ya Wachagga tangu mwaka 1902 hadi 1938 kwa vipindi, aliona kwamba vifungo hivyo vya ukoo, ujirani na rika ni vipawa vya Mungu, na kwamba Kanisa lijengwe juu yake, si juu ya magofu yake. Kwa zama zile, ambapo wageni wengi waliona kila kitu chetu ni giza, hayo yalikuwa maneno ya heshima. Baadaye Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, ambaye mwaka 1977 alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, alilichunguza kwa kina swali la Kanisa na ukoo kati ya Wahaya katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1974. Sisi si wanateolojia. Elimu yetu yaishia sekondari, na mengine tumeyaokota njiani. Lakini kwa kadiri tunavyoona, Gutmann alikuwa na haki nusu. Kanisa lililojengwa juu ya ukoo huwa na nguvu, huwa na nyimbo nzuri na mahudhurio makubwa, nalo huwapenda sana walio ndani. Taabu yake ni kwamba aliyekuwa nje ya ukoo atakuwa nje ya Kanisa pia, na hakuna atakayegundua, kwa sababu kila aliye ndani ataona kwamba wote wapo.

Na kwa kuwa sisi ni watu wa mashairi, tuvumiliwe tukitoka njiani kidogo. Marehemu Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma na mtumishi wa serikali kama sisi, Mkatoliki, aliitunga Enjili katika utenzi. Utenzi ni bahari iliyokuzwa na Waislamu wa pwani kwa karne kadhaa, wakiitumia kumsifu Mtume na kusimulia vita vyake. Mnyampala aliichukua bahari hiyo, mizani na vina vyake, akaitia maisha ya Yesu, na hatukupata kusikia kwamba bahari ilikataa. Ukarimu wa aina hiyo umo ndani ya lugha yetu. Hata neno jumuiya lenyewe tumelipata kwa Kiarabu, na shina lake ndilo shina la Ijumaa: kukusanyika.

Turudi katika hoja yetu. Wako watakaosema kwamba tunazunguka bure, kwamba kusudi la Kanisa lajulikana, nalo ni shule na hospitali. Ni kweli kwamba kwa miaka mingi Kanisa nchini lilijulikana kwa hizo, na wengi wetu tuliofika sekondari tulipitia mikononi mwa watawa au tulifundishwa na watu waliofundishwa nao. Lakini historia imeijibu hoja hiyo. Baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1969 shule nyingi za misheni zilichukuliwa na umma, ili mtoto wa Kiislamu na wa Kikristo wakae dawati moja bila mmoja kujiona mgeni. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, ilitaifishwa mwaka uliofuata, na usimamizi wake ukarudi kwa maaskofu mwaka 1985. Mwaka 1992 serikali na makanisa vikatiana saini juu ya ushirikiano katika huduma za jamii. Vyombo hivyo vimekwenda na kurudi kama maji ya bahari. Kama vyombo ndivyo vilikuwa Kanisa lenyewe, lingekufa mwaka 1970. Halikufa. Yawezekana hata lilipata nafuu, maana mtu akivuliwa joho huonekana mwili wake.

Mwaka huo huo wa 1970, mwezi Oktoba, Mwalimu Nyerere, naye Mkatoliki asiyekosa Misa, alizungumza na masista wa Maryknoll huko New York. Hakuwasifu kwa ajili ya shule zao. Aliwaambia, kwa maana, kwamba Kanisa lisiposhiriki katika kuipinga mipango ya jamii inayowafunga watu katika umaskini, halitakuwa na maana kwa mwanadamu, na dini yenyewe itachakaa hata iwe ushirikina wa watu waoga. Wakati ule wapo waliodhani kwamba amekwenda mbali mno. Lakini tarehe 1 Februari, 2020, katika uwanja wa mpira mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana, wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoombewa ili wapone na kufanikiwa. Hatuwacheki marehemu hao, wala haitupasi. Mtu hakimbilii mafuta kama nyumbani ana jirani wa kumwuguza na mahali pa kusemea shida yake. Alikuja uwanjani peke yake, akiwa na shida yake peke yake, katikati ya maelfu ya watu waliokuja peke yao vilevile. Ule ulikuwa umati. Hatuthubutu kuuita jumuiya.

Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walikuwa wamekwisha kuiona hatari hiyo. Katika mikutano yao ya Nairobi, mwaka 1973 na tena mwaka 1976, waliamua kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, nyumba chache za majirani, ambamo watu wajuana kwa majina. Sisi watumishi wa serikali tulilitambua umbo hilo mara moja, maana lafanana sana na nyumba kumi na balozi wake. Hilo si tusi. Nchi iliyokuwa ikitafuta ujamaa vijijini, na Kanisa lililokuwa likitafuta ujamaa wa imani, vilikutana uani kwa mama mmoja, juu ya mkeka mmoja. Waluteri nao wana usharika, neno lenye harufu hiyo hiyo ya kushirikiana. Na jumuiya zile zimetenda mengi. Ugonjwa wa UKIMWI ulipozidi, na ndugu wa damu wakaogopa kugusa shuka za mgonjwa, mara nyingi ni akina mama wa jumuiya walioingia wakafua. Hakuna takwimu za shuka zilizofuliwa, wala hakuna aliyepewa nishani.

Lakini chombo kizuri hupewa kazi nyingi. Kwa kuwa jumuiya ilijua kila nyumba, ilipewa kugawa bahasha. Kwa kuwa iligawa bahasha, ilipewa kuzihesabu. Ujenzi wa nyumba ya padre, gari la parokia, zawadi ya jubilei, yote yalishuka kwa njia ile ile, na kila agizo lilikuwa na sababu njema. Polepole mwenyekiti ambaye alichaguliwa awe kama balozi wa upendo akawa karani wa mapato, na daftari lililoandikwa ili watu wajuane likawa orodha ya wadaiwa. Hakuna siku moja ambayo mtu aliamua iwe hivyo. Sisi tuliomo katika ofisi twaijua njia hiyo sana: fomu iliyotungwa ili kumsaidia mwananchi hufika siku ikawa ndiyo kizuizi chake, na aliyeitunga amekwisha kustaafu.

Ndipo tulipokwenda kuisoma upya sura ya sita ya kitabu cha Matendo ya Mitume, na twawasihi walimu waisome na wanafunzi wao, hata kama ni kwa somo la historia tu. Ugomvi wa kwanza wa Kanisa, tunaousoma pale, haukuhusu utatu wala ubatizo. Ulihusu orodha. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani, yaani wajane waliotoka mbali, walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku, huku wajane wa wenyeji wakipata. Angalieni dawa iliyotolewa. Mitume hawakuufuta mgawo, wala hawakusema kila mtu ajitegemee. Walitaka wachaguliwe watu saba wa kuusimamia, na majina ya wale saba, yote saba, ni ya Kiyunani. Ukosefu ulikuwa kwa wageni, na wasimamizi wakachaguliwa, yaonekana, kutoka upande wa waliolalamika. Kwa maneno mengine, kazi ya daftari katika Kanisa la kwanza ilikuwa kumtafuta aliyekosekana. Mwenyekiti wetu alilifungua daftari lake, akakuta pengo, akadhani kwamba pengo ndilo jibu. Kumbe pengo ndilo lilikuwa swali. Kwa nini mama huyu hayumo? Nani alikwenda kumwuliza? Kwa nini sala husaliwa saa ambayo maskini yuko kazini?

Ushahidi mwingine tunao kutoka kwa adui. Kaisari Julianus wa Rumi, aliyetawala mwaka 361 hadi 363, aliuacha Ukristo akataka kuirudisha miungu ya kale. Alipomwandikia kuhani wake mmoja, alilalamika kwamba Wakristo wanazidi kuongezeka kwa sababu ya hisani yao kwa wageni na bidii yao ya kuzika wafu, akawataka makuhani wake waige. Hakulaumu ufasaha wa mahubiri wala uzuri wa majengo. Adui mwerevu huona mahali nguvu ya mpinzani wake ilipo.

Tungependa kuishia hapo, lakini haingekuwa haki. Lazima tuitazame Rwanda. Mwaka 1994 zaidi ya nusu ya watu wa nchi ile walikuwa Wakatoliki, na wengi wa waliobaki walikuwa Wakristo wa madhehebu mengine. Makanisa yalijaa kila Jumapili. Mwezi Aprili, Watutsi walikimbilia makanisani kama walivyozoea kufanya katika machafuko ya zamani, na safari hii wakauawa humo humo: Ntarama, Nyamata, Nyarubuye. Kati ya waliowaua walikuwamo watu waliokuwa wakipokea nao komunyo. Nyarubuye si mbali na mpaka wetu. Mwisho wa mwezi ule zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Mto Kagera ulichukua maiti mpaka Ziwa Viktoria, na upande wa Uganda wavuvi na wanakijiji waliwatoa majini maelfu ya watu wasiowajua hata kwa jina, wakawazika. Hawakuwa na daftari lao. Hawakujua ni wa dini gani wala wa parokia gani.

Nini kilivunjika pale? Si mahudhurio, maana yalikuwako. Si shule wala hospitali za misheni, maana zilikuwa nyingi. Kilichovunjika ni kile kile tulichokiona Bagamoyo na Masasi: kwamba maji ya ubatizo yawape watu undugu ulio mzito kuliko damu. Siku ya kujaribiwa, kwa wengi, damu ilishinda. Maneno "huyu si wetu" yalisemwa kwanza kwa kalamu, katika vitambulisho vilivyoandikwa kabila tangu enzi ya Wabelgiji, kabla hayajasemwa kwa panga. Mwaka 2016 maaskofu wa Rwanda waliomba msamaha kwa ajili ya Wakristo walioshiriki, na mwaka 2017 Baba Mtakatifu Fransisko akaomba tena. Lakini tusimsahau Félicité Niyitegeka wa Gisenyi, mwanamke aliyejitoa kwa utume wa Kanisa, mwenyewe Mhutu. Aliwaficha Watutsi katika nyumba aliyoisimamia na kuwavusha wengine kwenda Kongo. Ndugu yake wa damu, ofisa wa jeshi, alimtaka aondoke ili aokoke. Alikataa kuwaacha aliokuwa nao, akauawa pamoja nao Aprili ile ile. Alilazimika kuchagua kati ya ndugu na ndugu, naye akachagua wale ambao hakuzaliwa nao.

Hatumlinganishi mwenyekiti wa jumuiya yetu na wauaji; Mungu apishe mbali. Yeye alilinda unga na mbao za maskini wenzake. Tulichotaka kuonyesha ni kwamba Kanisa lina mahali pamoja tu pa kupimiwa, nalo ni kizingitini, mbele ya mtu ambaye hakuna sababu yoyote ya kumhesabu kuwa wetu ila kwamba tumemkuta mlangoni petu. Vijana wetu watakaoongoza jumuiya hizi, na misikiti, na vyama vya kuzikana vya maofisini, watakutana na mtu huyo. Hatakuja na kadi.

Sasa tumalize habari ya msiba, kwa kuwa twajua msomaji anaingoja. Mama wa vitumbua alizikwa siku ya pili, saa kumi jioni. Seremala wa mtaani, Mwislamu, alitoa mbao akasema atalipwa akhera. Vijana wa bodaboda walichimba kaburi. Asubuhi ile wanawake watatu wa jumuiya ile ile walifika na kanga na ndoo bila kumwaga mtu, wakamwosha, wakamvika. Padre hakuwapo, katekista hakutumwa, na tulipofika kaburini tulikuwa watu wapatao thelathini, kila mmoja akimngoja mwenziwe aanze. Ndipo tulipomwona mwenyekiti. Alikuwa amesimama nyuma kabisa, chini ya mwembe, mikono mitupu. Alivua kofia, akaja mbele, akaanza Baba Yetu. Katikati sauti ilimpotea, na wale wanawake watatu wakaimalizia.

Jumamosi iliyofuata, tuliambiwa, jumuiya ilibishana. Baadhi walitaka saa ya sala ihamishwe kutoka alfajiri hadi jioni. Wengine wakasema alfajiri ndiyo desturi. Mmoja akataka jina la mama liandikwe katika daftari ili aombewe Siku ya Marehemu Wote. Mwingine akauliza litaandikwa katika ukurasa gani, kwa kuwa kurasa zote zina safu ya michango. Mwaka uliofuata tulihamishwa kikazi, na hadi tunaondoka walikuwa hawajaafikiana.